Bakuli la Mbegu Nyekundu

Jumamosi asubuhi, watoto wengine wakiwa bado wanapiga miayo, Chapuchapu alikuwa ameshamaliza kazi zake zote. Au tuseme, yeye mwenyewe alidhani amezimaliza. Msichana huyu jina hilo alipewa na shangazi yake, na lilimkaa kama nguo ya kushonesha. Alifagia uani kwa kasi mpaka kuku wakapanda ukutani, na takataka zikabaki palepale. Aliosha sufuria ndani, akasahau kwamba sufuria ina upande wa nje. Mama yake alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa.

"Mwanangu," Mama alisema siku hiyo, "wewe kazi huifanyi, unaifukuza."

"Lakini imeisha, Mama."

"Imekimbia. Haijaisha."

Mama alikuwa muuzaji katika duka la pembejeo, karibu na soko. Aliuza mbolea, majembe, dawa za kuua wadudu na mbegu za kila aina. Kwa sababu hiyo hakuna jambo ambalo Chapuchapu alilijua vizuri kuliko hili: mahindi ya mbegu hayaliwi. Yamepakwa dawa ili wadudu wasiyatafune ardhini, na kiwandani hutiwa rangi nyekundu iliyokoza, mtu akiyaona tu ajue kwamba hayo ni ya shambani, si ya chunguni. Mtaani kwao hata watoto wadogo walilijua hilo. Ukiona punje nyekundu, unaziacha.

Mama alitoa mfuko mdogo uliochanika pembeni. "Huu umechanika dukani, haufai kuuzwa. Sisi tumeshapanda. Wapelekee wale jirani zetu wapya, wapande nyuma ya nyumba. Wamepata mtoto juzi tu, watahitaji chakula mbele ya safari."

"Sawa, Mama."

"Ngoja kwanza, miguu yako imeshafika mlangoni. Wapelekee zikiwa hivihivi ndani ya mfuko wake. Na uwaambie zina sumu. Wasile, wasiwape kuku, na wakishapanda wanawe mikono kwa sabuni. Hakikisha wameelewa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Umenisikia, au umenijibu tu?"

"Nimesikia, Mama, jamani!"

Mama akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Sasa, nje wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Chapuchapu aliunyanyua mfuko, na punje zikaanza kumwagika kwenye ule mpasuko. Angeweza kutafuta uzi akaushona. Angeweza hata kuufunga fundo. Lakini uzi unatafutwa, na fundo linahitaji subira, na subira hakuwa nayo. Alichukua bakuli zuri la kulia, akamimina mbegu humo, akautupa mfuko juu ya kabati. Ule mfuko ulikuwa na picha ya fuvu la kichwa na maandishi makubwa ya onyo. Ukabaki nyumbani.

Majirani wale walikuwa wamehamia hapo kutoka mbali sana, nchi ya ng'ambo ya mpaka, wakikimbia ukame. Baba wa nyumba alikuwa mfyatua matofali. Ni yeye peke yake aliyekuwa ameokota Kiswahili cha kuombea maji na kuulizia bei, na kila siku aliondoka alfajiri kwenda tanuruni. Nyumbani walibaki mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, binti yake mdogo, na mkewe ambaye ndiye aliyekuwa mzazi siku hizo, amelala ndani na kichanga chake. Kati ya hao watatu na mtaa kulikuwa na tabasamu tu, maneno hayakuwapo.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini. Alipoliona bakuli, alisimama. Aliziangalia zile punje nyekundu, akaweka mikono yote miwili kifuani, na machozi yakamtoka. Akaita kwa sauti kuelekea ndani, na sauti dhaifu ya mzazi ikaitika kwa furaha.

Chapuchapu alishangaa kidogo. Hizi si mbegu tu? Lakini nje huko alisikia wenzake wakiita, "Chapuchapu, zamu yako hiyo!"

Basi akafanya haraka. Alizionyesha mbegu kwa kidole. Akapeleka vidole mdomoni kama mtu anayekula. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu, huku na huku, mara nyingi, mpaka shingo ikamuuma.

Bibi alimtazama kwa makini. Naye akapeleka vidole mdomoni. Naye akatikisa kichwa, polepole, huku na huku, akitabasamu.

"Ameelewa," Chapuchapu alijiambia. Akatimua mbio.

Mchana Mama aliporudi kutoka dukani, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wameelewa?"

"Wameelewa kabisa. Bibi mwenyewe alinijibu."

Mama akashusha pumzi, akaanza kuvua viatu.

Alikuwa hajamaliza kuvua cha pili pale mlango ulipobishwa. Alikuwa yule binti mdogo wa jirani, amevaa gauni safi, nywele zimetiwa mafuta. Mikononi amelishika lile bakuli, limefunikwa kitambaa cheupe.

"Ona mtoto alivyofunzwa adabu," Mama alisema, akilipokea kwa mikono miwili. "Hata kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Umeona, Chapuchapu? Watu ni watu popote."

Akafunua kitambaa.

Mvuke ukapanda. Ndani kulikuwa na mahindi yaliyochemshwa, yamevimba na kulainika, rangi yake imefifia, lakini bado ni mekundu.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliliweka bakuli chini taratibu, akamshika yule binti mabegani, akamtazama mdomo na vidole. "Umekula? Mwanangu, umekula?" Mtoto hakuelewa, akacheka kwa aibu. Mama akamgeukia Chapuchapu, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Kimbia! Wazuie wasile! Mfuko uko wapi?"

"Juu ya kabati..."

"Kimbia, nasema!"

Chapuchapu alikuwa amekimbia maisha yake yote, lakini hakuwahi kukimbia hivyo. Aliingia kwa jirani bila hodi. Mzazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejitanda kanga mpya, kichanga kimelala pembeni yake. Mbele yake kulikuwa na sahani iliyoliwa zaidi ya nusu. Bibi amepiga magoti, amejaza kijiko, anamlisha mkwewe kama unavyomlisha mtu unayempenda sana.

"Msile! Hapana! Hapana!" Chapuchapu alipiga kelele, akitikisa kichwa kama mwenye wazimu.

Na Bibi, ee Mungu wangu, Bibi alimtazama kwa furaha, akatikisa kichwa naye, akajaza kijiko kingine, akampa mzazi.

Chapuchapu aliona dunia imeinama. Kadiri alivyotikisa kichwa, ndivyo Bibi alivyozidi kutabasamu. Mzazi naye akamtikisia kichwa, mdomo umejaa, akafungua kinywa kupokea kijiko kingine. Watu hawa walikuwa na nini? Mbona hawasikii? Machozi yakamtoka. Akajitupa mbele, akaishika sahani, akaipiga ukutani. Akaipindua na sufuria yote. Mahindi yakatawanyika sakafuni.

Kofi la Bibi lilimpata shavuni kabla hajageuka. Halikuwa kofi la mchezo. Bibi alikuwa akisema maneno mengi, sauti inatetemeka, akionyesha yale mahindi chini na kujipiga kifua, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa ndani ya nyumba yake.

Chapuchapu hakujitetea. Aliokota punje moja, akaionyesha. Akajifanya anaila. Akashika tumbo, akajikunja, akajifanya anatapika. Kisha akajilaza chali sakafuni, mikono imenyooka, macho ameyafumba, akakaa kimya kama maiti.

Alipofumbua macho, Bibi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Safari hii alikuwa ameelewa. Wote wawili wakamgeukia mzazi. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni, mate yanamtoka, na mikono yake imeanza kutetemeka. Alijaribu kusema kitu, badala yake akatapika.

Mama akaingia na mfuko mkononi. Nyuma yake jirani mmoja, amemshika yule binti mkono, alikuwa anapaza sauti, "Mpeni maziwa! Maziwa yanaua sumu!"

"Hapewi chochote!" Mama alifoka. "Si maziwa, si mafuta, wala asitapishwe kwa kidole. Anapelekwa kituo cha afya sasa hivi. Usafiri!"

Usafiri wenyewe uko wapi, saa ile, mtaa ule? Alikuwapo muuza maji na mkokoteni wake uliojaa madumu. Alipoona mgonjwa anatolewa mlangoni hakuuliza mara mbili. Aliyabwaga madumu yote barabarani, maji yakamwagika, akasema, "Mlazeni hapa!" Mama akamlaza kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, akamshika kichwa. Bibi akafunga kichanga kifuani. Chapuchapu akasukuma kwa nyuma pamoja na muuza maji.

Njia ya kituo cha afya haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na mashimo. Kila shimo mzazi aliguna. Kisha akaacha kuguna, na hilo likawa baya zaidi. "Usilale, dada! Usilale!" Mama alikuwa akimwambia, akijua kwamba hasikii neno. Chapuchapu alisukuma mpaka akahisi ladha ya damu kooni. Alitaka siku irudi nyuma, irudi asubuhi tu, kwenye ule uzi ambao hakuutafuta. Siku haikurudi.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza pale mlangoni.

Mama alimpa mfuko. Muuguzi akausoma mbiombio, akamwita daktari kwa mkono, na mzazi akaingizwa ndani. Mlango ukafungwa.

Wakabaki kwenye benchi. Kichanga kiliamka, kikaanza kulilia ziwa, na ziwa lilikuwa nyuma ya mlango ule. Bibi alikibembeleza, akakiimbia, akazunguka nacho. Chapuchapu alimsogelea akitaka kumsaidia. Bibi akamgeuzia mgongo.

"Uliwaambiaje?" Mama aliuliza polepole.

Chapuchapu akamwonyesha: vidole mdomoni, kichwa huku na huku.

"Na mfuko kwa nini uliuacha nyumbani?"

"Nilikuwa nakimbilia kamba," Chapuchapu alisema. Akaona aibu kwa udogo wa jibu lenyewe.

Mfyatua matofali, aliyepelekewa habari tanuruni, alifika anahema, udongo umemkauka mikononi mpaka kwenye viwiko. Bibi akamwangukia, akamweleza kwa lugha yao, akinyoosha kidole kwa Chapuchapu. Yule baba akaja akasimama mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe ndiyo umeleta chakula ile?"

Mama akataka kujibu. Yule baba akainua mkono. "Hapana, mama. Nauliza mtoto. Nani alikutuma uue mke wangu?"

Chapuchapu angeweza kusema kwamba alimweleza Bibi vizuri, na Bibi ndiye aliyekosea. Nani angebisha? Lakini kichanga kilikuwa bado kinalia.

"Hakuna aliyenituma kuua," alisema. "Zilikuwa mbegu za kupanda. Mama alisema nizipeleke ndani ya mfuko wake, nami nikazimimina kwenye bakuli. Alisema nihakikishe mmeelewa, nami sikuhakikisha. Nilidhani rangi inatosha. Kila mtu anajua rangi ile ni sumu. Na nilitikisa kichwa hivi, nikimaanisha hapana."

Yule baba alimtazama muda mrefu. Kisha akaketi chini sakafuni, palepale.

"Hivi," alisema, akitikisa kichwa huku na huku kama alivyofanya Chapuchapu. "Kwetu hivi ni ndiyo. Ndiyo, kwa furaha. Hapana kwetu tunainua kidevu juu."

Akainua kidevu chake, awaonyeshe.

"Na ile nyekundu. Kwetu mtoto akizaliwa, jirani anayekupenda anapaka nafaka rangi nyekundu ya mizizi, analeta kwa bakuli nzuri. Mzazi anakula kwanza, peke yake. Wengine wanakula baadaye. Ndiyo sababu mama yangu na binti yangu wazima. Zamu yao ilikuwa bado." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Tangu mtoto azaliwe mke wangu alikuwa analia. Anasema, tumezaa pahali hakuna hata jirani moja wa kuleta nyekundu. Leo asubuhi umekuja wewe na bakuli..."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa chake. Na Chapuchapu akalia kilio ambacho hakikujali nani anaona, kwa sababu sasa alikuwa ameelewa yale machozi ya Bibi pale kizingitini.

Jioni daktari alitoka akasema hali bado ni mbaya, wamempa dawa ya kupambana na sumu na anasaidiwa kupumua. Kichanga kikapewa maziwa ya kopo, kikachunguzwa, kikaonekana kizima. Usiku huo nyumba mbili zilikaa macho. Chapuchapu alimwomba Mungu kwa maneno yote aliyoyajua, na alipoishiwa maneno akaomba bila maneno.

Asubuhi waliporudi walimkuta muuguzi mlangoni, uso umechoka lakini una habari.

"Amefumbua macho," alisema. "Anapumua mwenyewe. Ameuliza mtoto wake yuko wapi."

Mama akaegemea ukuta. Mfyatua matofali akainua mikono juu, akamkumbatia muuza maji ambaye alikuwa amekuja kuulizia tu.

"Lakini nisikilizeni," muuguzi aliendelea. "Mtoto asinyonye mpaka tuseme. Na ninyi mnaouza na kugawa mbegu, msizitoe kamwe kwenye mfuko wake, na msizitie kwenye chombo cha chakula. Jana daktari alijua dawa ya kutumia kwa sababu ya mfuko ule. Bila mfuko tungekuwa tunabahatisha, na mgonjwa yule hakuwa na muda wa kubahatishiwa."

Bibi alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kichanga mapajani. Chapuchapu alimwendea. Alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe," alisema. Kisha akamgeukia yule baba. "Tafadhali, mwambie kwa maneno yenu. Sitaki aisome usoni kwangu tu."

Yule baba akatafsiri. Bibi akamtazama msichana yule na shavu lake ambalo bado lilikuwa na alama ya vidole. Alipoanza kusema, alisema polepole, akisubiri kila sentensi itafsiriwe ndipo aendelee.

"Anasema, hana hasira na rangi. Rangi haina kosa. Kwenu inasema kufa, kwetu inasema karibu, na yenyewe haijui iko kwa nani."

"Anasema, hana hasira na kichwa chako. Ulitikisa kwa nia njema, na yeye alijibu kwa nia njema. Nia njema mbili nusura ziue mtu."

"Anasema, hasira yake ni moja tu. Ulikuja mlangoni pake ukaondoka upesi. Kama ungekaa, ungemwona anawasha moto. Ungemwona anaweka sufuria. Anasema, anayempelekea mtu jambo la uhai na kifo hatazami kama yeye amesema, anatazama mwenzake anafanya nini baada ya kusikia. Ishara ya mgeni ni ya kuulizwa, na yako pia ni ya kuulizwa, maana kwake wewe ndiwe mgeni."

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma, akaitikia kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mama. Ni kweli kabisa. Na mimi pia nilipaswa kwenda mwenyewe."

Bibi akasogea kidogo. Akaupiga ubao wa benchi kwa kiganja, mara mbili, mahali palipobaki wazi kando yake.

Chapuchapu aliinuka nusu, kisha akasimama hapohapo. Moyo wake ulimwambia anajua maana yake. Jana pia moyo wake ulimwambia anajua. Akamtazama yule baba.

"Samahani," alisema. "Anamaanisha nikae, au niondoke?"

Yule baba akauliza. Bibi akamkazia macho yule mtoto aliyeuliza, uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu jana, akajibu kwa neno moja.

"Anasema kaa," yule baba alitafsiri.

Akakaa.